Nimempeleka mama kwa nyumba ya Lord Egerton, vyumba 52 na vitu vya mwenyewe haviko

Mjukuu wa Timbo
Wadau habari za Jumapili. Huu uzi ni mrefu kidogo, kama uko kwa matatu na bando inaisha ngoja ufike nyumbani ndio usome.

Jana nilimtoa mama Njoro tukaenda kuona ile ngome ya Lord Egerton pale Ngata. Kwa wale hawajui, ukitoka Nakuru taon unashika barabara ya Njoro, ukifika Ngata unachukua nduthi inakufikisha mpaka geti. Nyumba ni ya mawe, vyumba 52. Hamsini na mbili wadau, na mwenyewe alikuwa mtu mmoja, hana bibi hana mtoto. Maurice Egerton, baroni wa nne wa Tatton, huko Uingereza. Alianza kujenga 1938, vita vya Hitler vikaingilia kati kazi ikasimama, ikaisha 1954. Januari 1958 mzee akafa. Pigeni hesabu wenyewe, miaka kumi na sita ya kujenga na hata minne haikutimia ya kulala.

Mama ana miaka 74. Alizaliwa kwa laini za wafanyakazi huko Njoro, baba yake ambaye ni guga wetu alitoka Maragoli kijana akaandikwa kazi ya kuchonga mawe. Mimi nimekua nikisikia hii nyumba kila Krismasi. Guga alikuwa anasema mawe ya ukuta wa mbele ni mkono wake, lakini ukikaa na wazee wa Njoro kila mmoja alichonga ukuta wa mbele, ukiwasikiliza wote hiyo nyumba haina ukuta wa nyuma.

Sasa mama hajawahi kuingia, miaka yote hiyo. Anachokumbuka ni kuwa gari la bwana likisikika kwa mbali, wanawake wa laini walikuwa wanaingia ndani ya mahindi wanachuchumaa mpaka vumbi litulie, na wasichana wadogo pia. Yeye alidhani bwana anakula watoto. Nikamuuliza kwani nyinyi mlikuwa mmemkosea nini, akasema hakuna, ni vile nyapara alisema bwana hataki kuona leso.

Basi tumefika, mama akasimama mlangoni kama mtu anayengoja kuambiwa karibu. Akaangalia juu, akaangalia chini, akavua viatu. Nikamwambia mama hapa si msikitini, akaniambia wacha, baba yangu alibebea hii nyumba mawe miaka na miaka na hakuwahi kukanyaga mbao zake. Akaingia na soksi.

Ndani sasa, na hii ndio sababu ya uzi. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kuona mali. Vyombo vya fedha, picha za mababu wamevaa mikufu, mazulia, pembe, vinyago kutoka kila pahali duniani, maana mtu tajiri wa kizungu aliyetembea dunia yote lazima ana vitu. Kuna ukumbi wa densi mkubwa kabisa, kuna kinanda cha mabomba kama cha kanisa kubwa, kuna mahali pa kuota moto maana baridi ya Njoro si mchezo, na mbao nzuri. Lakini vyumba vingi ni vitupu. Unafungua mlango unapata dirisha na ukuta, unaenda kwa mwingine dirisha na ukuta, ukikohoa kikohozi kinakurudia. Vitu vingi nilivyoona ni mashine za shamba za zamani pale nje.

Swali langu ni moja tu. Vitu vya huyu jamaa vilienda wapi?


Njiwa wa Section 58
Kwani hukuhadithiwa ile ya msichana? Hiyo ndio kila mtu huenda kusikia pale. Ati alipenda mwanamke fulani wa ukoo mkubwa wa Ulaya, akamleta aone nyumba yake ya kwanza, mwanamke akaitazama akasema hii ni nyumba ya kuku. Bwana akameza. Akaenda akajenga hii sasa, akamwita tena, mwanamke hakukubali bado, wengine husema alikuwa ameshaolewa na mwingine. Kutoka hapo hakutaka mwanamke, hakutaka kuku, hakutaka mbwa kwa boma. Dadangu alipigia picha za harusi pale kwa ngazi za mbele 🤣 gauni limeenea chini mita tatu. Mzee akiwa anaona huko alipo sijui anajisikiaje.


Mjukuu wa Timbo
Njiwa hadithi tumepewa, na jana kulikuwa na maharusi wawili wanapigana na mwanga. Mama aliwaangalia sana. Ila mimi hiyo hadithi imenichosha kidogo, unatembea nyumba nzima unasikia mwanamke mwanamke mwanamke ambaye hata jina lake kila mtu analisema tofauti, na wale watu mia ngapi sijui waliobeba mawe kwa mabega hakuna anayewataja. Mimi nataka vitu. Viko wapi?


Kondakta Mstaafu
Kama wanawake hawakuruhusiwa vyumba 52 nani alikuwa anafagia


Mjukuu wa Timbo
Kondakta nimemuuliza mama hilo swali lako sasa hivi, amecheka mpaka chai imemwagika. Anasema wanaume. Wapishi wanaume, wa kufua wanaume, wa kupiga pasi wanaume. Kaka wa guga alikuwa jikoni pale na mama anasema mpaka anakufa huyo mzee ndiye mwanaume pekee kwa ukoo wetu aliyejua kukunja kona ya shuka vizuri, akija nyumbani anatandikia wake zake kitanda na wao wanaona aibu mbele ya majirani.


Nyakwar Dunga
Mjukuu swali lako mimi naweza jibu maana nimeviona na macho yangu. Mimi ni mtu wa Kisumu lakini nimekaa Manchester miaka sita nikifanya kazi ya kutunza wazee, na hapo karibu na uwanja wa ndege kuna mji mdogo unaitwa Knutsford, na hapo ndio Tatton Park iko. Tulipelekwa na watu wa kanisa siku ya likizo. Sikujua tunaenda wapi, nilijua tunaenda kuona paa wanakula nyasi, ni bustani kubwa sana. Sasa naingia kwa nyumba nasoma pale ukutani, Egerton. Nikasema ngoja, Egerton gani? Egerton ya Njoro???

Nyumba yenyewe ni ya babu zake, yeye alirithi na cheo 1920. Huko ndani hakuna chumba kitupu mzee wangu. Kuna picha mbili za Venice zimechorwa na Canaletto, maji na mashua na jumba la watawala, unaona mpaka watu wadogo kama sisimizi wamesimama kwa mashua. Kuna moja kubwa ya Van Dyck, Mtakatifu Stefano anapigwa mawe, hiyo nilikaa nayo sana kwa sababu mimi jina langu la ubatizo ni Stefano na nilikuwa sijawahi kuona kifo changu kimechorwa vizuri hivyo. Hizo lakini si za Maurice, ni za mababu.

Za Maurice ziko kwa ukumbi mwingine wanaita ukumbi wa wapangaji. Ukiingia, vichwa. Vichwa vya wanyama vimepangwa ukutani kutoka usawa wa kichwa chako mpaka karibu na dari, pembe juu ya pembe, na vyote vinakuangalia. Na makabati ya vioo yana vitu vya Afrika vya India vya visiwani huko, silaha, ngao, vitu vya kila aina, hakuna mpango, ni kama mtu alitembea dunia akiokota. Jamaa alikuwa mtu wa kupenda vitu vipya pia. Lile gari lake la Benz la mwaka wa 1900 liko pale, namba yake M 1. Alikuwa rafiki wa wale ndugu wa Marekani wa ndege, Wright, na leseni yake ya urubani ya 1910 ni namba 11 kwa Uingereza yote. Namba kumi na moja! Halafu mtu kama huyo anakuja kufuga ng'ombe Njoro.

Kwa hivyo jibu ndio hilo. Akifa 1958, hakuna mtoto, cheo kikaisha hapo, Tatton ikaenda kwa shirika la urithi la kule Uingereza na vitu vyake vikabaki kule. Nyinyi mkabaki na mawe.


Mjukuu wa Timbo
Stefano umenimaliza. Kumbe alikuwa na nyumba mbili moja ya vitu moja ya vyumba.


Mama Bahati Ngata
Mimi naishi Ngata na ninapita hapo kila siku nikienda kuuza maziwa, naomba niseme kitu na msinirukie. Hii tabia ya kuita huyu mtu mfadhili inanisumbua. Ni kweli alitoa ekari 740 shule ya kilimo ianzishwe 1939 na ni kweli karibu na kufa kwake akatoa zingine 1,100. Lakini hizo ekari alitoa wapi? Hizi zote zilikuwa nyanda za juu za wazungu, Mwafrika alikuwa anaishi hapa kwa kitambulisho cha kipande shingoni. Na hiyo shule ya 1939 ilikuwa ya nani? Vijana wa kizungu wafundishwe kulima. Babu yake Mjukuu alikuwa anachonga mawe, hakuitwa darasani. Mtu anakunyang'anya ng'ombe halafu anakupa maziwa kikombe kimoja unaandika jina lake kwa geti.


Diploma ya 83
Mama Bahati heshima yako. Mimi nimesoma Njoro, nilitoka na diploma ya kilimo mwaka 83, mtoto wa mkulima wa mahindi kutoka Kakamega, kwa hivyo chuki yako naielewa na siwezi kuishiriki yote. Ulichosema kuhusu 1939 ni kweli tupu. Lakini kile chuo baada ya yeye kufa kilifunguliwa watu wa rangi zote, Waganda walikuja, Watanzania walikuja, na 1987 kikawa chuo kikuu kamili, kile cha Egerton, kwa sheria ya bunge. Nusu ya maofisa wa kilimo waliokuja kwa mashamba ya wazazi wenu kuwaambia pandeni kwa mstari walitoka pale. Mimi sijali alikuwa na moyo gani. Wosia ni kama mbegu, aliyepanda hachagui nani atakula.

Na kuhusu jina kwa geti, tuliimba nyimbo za kumtania kila Ijumaa usiku kwa hosteli, siwezi kuandika hapa kuna watoto.


Mama Bahati Ngata
Andika tu tumekomaa 😂
Ila hoja yangu haijafa. Shukrani ziwe na kipimo, hiyo tu.


Kitale Stendi
Nyinyi watu wa Nakuru mnalia ati vyumba vitupu vyumba vitupu. Kujeni Kitale niwaonyeshe mzungu aliyeacha vitu.

Nimeshangaa hakuna ametaja Stoneham. Kanali Hugh Stoneham, mwanajeshi, mkulima, na mgonjwa wa vipepeo, nasema mgonjwa kwa mapenzi. Mwaka wa 1926 alianzisha makumbusho yake binafsi, nyumba na vitu vikawa kitu kimoja, Stoneham Museum. Hakukusanya kwa ajili ya wageni wa chakula cha jioni. Alikusanya vipepeo, mende, ndege, wanyama, vitabu, na vitu vya watu wa hapa, mishale, vibuyu, nguo za ngozi, mapambo. Alikuwa na jarida lake mwenyewe la makumbusho, anachapisha humo vipepeo anavyovielezea kwa mara ya kwanza, kutoka hapa hapa kwetu. Ndio maana jina lake bado liko kwa vitabu vya wadudu.

Mimi nilipelekwa na shule nikiwa darasa la tano. Nilijua naenda kuona nyoka na mamba na kobe maana hao wapo na kila mtoto wa Trans Nzoia anawajua. Sasa mwalimu mmoja akatuonyesha kipepeo aliyekaushwa, mdogo tu rangi ya kahawia, si yule wa kumeremeta. Amechomwa pini katikati ya mgongo, na chini yake kwa hiyo hiyo pini kuna karatasi ndogo kama ukucha wa kidole kidogo, na kwa hiyo karatasi kumeandikwa kwa mkono, wino, mahali aliposhikwa na tarehe. Mwalimu akasema kipepeo bila hiyo karatasi ni takataka. Mimi sasa ni fundi wa friji, hakuna kipepeo kwa kazi yangu, lakini kila friji naandika karatasi naibandika nyuma, tarehe na nilichobadilisha. Wateja hudhani ni maringo.

Sasa sikieni tofauti. Stoneham alikufa 1966. Wosia wake ulisema mkusanyo wote uende kwa makumbusho ya taifa, na akaweka na pesa za kujenga nyumba ya kuviweka. Pesa! Si kuwaachia watu vitu na mzigo. Nyumba ikajengwa, ikafunguliwa Desemba 1974, husemwa ni makumbusho ya kwanza ya bara, kabla ya Kisumu. Nyuma kuna msitu unatembea chini ya miti mikubwa, na kuna maboma yamejengwa kama ya kwetu ya zamani. Kwa hivyo ukisema mfadhili mbele yangu mimi naangalia kitu kimoja, alikufa vitu vikaenda wapi.


Nyakwar Dunga
Kitale hapo umetupiga. Lakini Kisumu usituguse, yetu ilifunguliwa 1980 na ina Ber-gi-dala, boma zima la Mjaluo limejengwa pale, nyumba ya mikayi yaani mke wa kwanza, ya nyachira yaani wa pili, simba yaani vibanda vya vijana wa kiume, kila moja pahali pake. Hakuna kitu cha mzungu hata kimoja kwa hilo boma na ndio watoto huuliza maswali mengi zaidi.


Kondakta Mstaafu
Nyakwar kwa hilo boma bwana anaruhusu leso?


Nyakwar Dunga
Kondakta kwa hilo boma bila leso hakuna boma.


Patasi ya Tabaka
Nimesoma tangu asubuhi nikinyamaza, nilikuwa na oda ya kumaliza. Mimi ni mchongaji, Tabaka, Kisii, jiwe la sabuni. Mnaongea watu wa kukusanya, ngoja mtu wa kukusanywa aongee.

Kwanza mmesahau mkusanyaji mkubwa kuliko hao wote wawili kwa upande wa sanaa, Alan Donovan, Mmarekani, alikufa Desemba 2021. Alikuja Afrika kwa kazi ya msaada wakati wa vita vya Biafra huko Nigeria, akachoka na ofisi, akafika Kenya 1970, akaenda Turkana, akarudi Nairobi na mizigo ya vitu vya Waturkana akafanya maonyesho. Hapo ndio alikutana na Joseph Murumbi, yule aliyekuwa makamu wa rais 1966, na wakafungua duka la African Heritage. Nyumba yake iko pale inapotazamana na mbuga ya Nairobi, imejengwa kama nyumba za udongo za Mali ukiangalia nje, ndani ina mambo ya Lamu, na kila ukuta umejaa vitu, vinyago, shanga, vitambaa, viti, mpaka hujui pa kuegemea. Imetangazwa turathi ya taifa 2016. Reli mpya ilitaka kuipitia wakapigania.

Sasa Murumbi mwenyewe si mgeni, mama yake Mmaasai, baba Mgoa wa India, lakini namtaja kwa sababu tukiwa watoto wazee wetu walikuwa wanajua ranchi yake, Intona, huko Transmara, si mbali na kwetu ukivuka. Vitabu vyake elfu nane na zaidi vya zamani vilienda kwa nyaraka za taifa Nairobi, na vitu vyake vya sanaa pia viko pale unaweza kwenda kuviona. Nyumba yake ya Muthaiga serikali ilinunua iwe taasisi, ikaishia kubomolewa. Ya Intona ikawa magofu. Kwa hivyo Mjukuu usione ni Njoro tu, kwa huyu vitu vimebaki na nyumba zimekufa, kwenu nyumba imebaki na vitu vimeenda.

Sasa yangu. Jiwe likitoka kwa shimo ni laini, unalikata na panga ukilipata likiwa na unyevu, halafu kisu na patasi ndogo. Ikifika msasa, hapo ni mama zetu na bibi zetu, wanakaa na beseni la maji wanasugua, msasa mkali, msasa wa kati, msasa laini, maji yanakuwa meupe kama maziwa mpaka jiwe linateleza mkononi. Kwa kipande kimoja kuna mikono ya watu watatu. Nikimaliza huwa ninaweka herufi zangu mbili chini, ndogo, kwa ncha ya msumari.

Miaka kadhaa imepita akaja mnunuzi, sitasema wa wapi, akataka vipande mia mbili, familia zilizokumbatiana, mnazijua zile. Akalipa nusu. Nikamletea. Akageuza kimoja akaona herufi, akageuza cha pili, akaniambia hizi futa. Nikamuuliza kwa nini, akasema wateja wake wanataka kitu cha Afrika, hawataki kitu cha mtu. Nilikaa na bibi yangu usiku mbili tukipiga msasa herufi mia mbili. Nililipwa nusu iliyobaki, sikatai, mtoto alilipiwa karo. Lakini mpaka leo nikiona kabati la vioo lina kinyago na limeandikwa jina la aliyetoa peke yake, vidole vyangu vinawasha.

Si wote wako hivyo. Elkana Ong'esa ni wa hapa hapa Tabaka, ndege wake wa amani yuko Paris kwa makao ya UNESCO, na huyo jina lake linajulikana. Na ile bustani ya ukumbusho wa Murumbi pale City Park kuna kazi yake pia. Tunasema mmoja wetu alipita na jina lake.


Njiwa wa Section 58
Patasi hiyo ya herufi imeniuma. Nina hizo familia mbili kwa meza ya tivii nimeenda kuzigeuza sasa hivi. Chini ni laini kabisa. Nimejisikia vibaya na hata sijui nimjisikie vibaya nani.


Diploma ya 83
Patasi na hivyo ndivyo kipepeo wa Kitale alivyotushinda sote. Ana karatasi.


Kitale Stendi
😂😂 Diploma wewe. Ingawa na yeye karatasi yake haisemi nani alimshika, unadhani kanali alikuwa anakimbia na wavu peke yake miaka arobaini? Kuna vijana wa hapa walikimbia sana.


Mjukuu wa Timbo
Wadau nimerudi. Patasi, nimemsomea mama ujumbe wako wote, nikautafsiri pale Kiswahili chako kilikimbia. Akanyamaza sana. Halafu akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia miaka yote.

Anasema jana pale kwa ukuta wa nje, nikiwa nimeenda kuangalia trekta, yeye alikuwa anagonga mawe na ngumi, moja moja, anaenda linalofuata. Mimi nilimwona kwa mbali nikadhani anajishika asianguke. Kumbe guga alimwambia jiwe likichongwa vizuri na kukaa vizuri kwa saruji linajibu sauti moja, lile lililochongwa na mvivu linajibu kama debe. Amegonga karibu upande mzima. Nikamuuliza umepata la debe? Akasema mawili, na hayo ni ya mtu wa Bunyore, guga alikuwa anasema tangu zamani.

Wanyore msikasirike, namnukuu tu.

Na kitu kingine. Nyundo ya guga ipo. Nimekuwa nikiiona maisha yangu yote na sikujua ndio hiyo. Iko kwa jikoni ya mama hapa Njoro, ni kichwa cha chuma tu, mpini ulioza zamani, upande mmoja bapa na upande mwingine umechongoka kidogo kama mdomo wa bata. Imeliwa kona zote mpaka imekuwa mviringo. Patasi hii ni ya nini hasa? Nimeweka picha hapo chini, hicho kidole ni changu ndio muone ukubwa.


Patasi ya Tabaka
Hiyo ni ya kusawazisha uso wa jiwe gumu, sisi hatutumii kwa sabuni itavunja. Angalia huo upande bapa, umelika kushoto zaidi. Guga wako alikuwa anapiga na mkono wa kushoto.


Mjukuu wa Timbo
Mama anasema ndio. Anasema ndio kabisa, na walimu wa misheni walikuwa wanamchapa kwa hiyo. Patasi wewe umejuaje aki ya Mungu, mama ameingia chumbani.


Mama Bahati Ngata
Mimi nimelia na maziwa yangu yako jua.


Kitale Stendi
Mjukuu hiyo kitu ni ya makumbusho. Usicheke. Andika karatasi, jina la mzee, kwao Maragoli, kazi ya mawe Ngata 1938 mpaka 1954, mkono wa kushoto, ifunge na waya. Uipeleke Hyrax Hill hapo Nakuru waulize kama wataichukua, wakikataa leta Kitale nitakupeleka mimi mwenyewe, chai na mandazi juu yangu.


Mjukuu wa Timbo
Kitale karatasi nimeandika, nimetumia ile ya nyuma ya kalenda maana ni ngumu, nimefunga na waya wa seng'enge. Kuhusu makumbusho nimemuuliza mwenye mali. Amekataa. Anasema hiyo nyundo ndiyo inashikilia mlango wa jikoni, akiitoa kuku wanaingia.